Mitego ya Panya kwa Stoo ya Bustani: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Kabla ya kutoa pesa, mjue unayemwinda. Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na ncha zilizochongoka, mfano wa punje ya mchele. Kikifika sentimita 1 na zaidi, huyo ni panya mkubwa, na mitego tunayoizungumzia hapa haimtoshi: itamjeruhi, kisha hatausogelea tena mtego wowote.

Huyu mdogo, anayetoboa mifuko ya mbegu na kutafuna waya za mashine ya kukatia nyasi, ana uzito wa gramu 12 hadi 30 hivi. Anapenya tundu la milimita 6. Jike hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21 tu, na huzaa watoto watano au sita kwa mkupuo. Kwa hiyo kununua mtego mmoja "wa kujaribia" ni kumpa nafasi ya kuongezeka.

1. Mtego wa kubana wa springi

Huu ndio wa kwanza, na unaofuata uko mbali nyuma. Upo wa mbao wenye upau wa waya, na upo wa plastiki wenye taya za meno. Kwa stoo chukua wa plastiki. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kijiti cha kushikilia upau kinakaza, na asubuhi unakuta chambo kimeliwa chote huku mtego umetulia vilevile. Wa plastiki unaoshwa kwa maji, na unategwa kwa mkono mmoja bila vidole kukaribia taya. Faida hiyo utaiona ukiwa umeinama gizani nyuma ya majembe.

Ukiwa dukani, utege na uguse kibao cha chambo kwa ncha ya penseli. Ukilazimika kukisukuma, urudishe: mnyama wa gramu 15 hana uzito wa kukifyatua. Tazama pia kikombe cha chambo. Kiwe na kina, ili panya aingize pua na kuchimba badala ya kulamba akiwa pembeni.

Idadi ndiyo inayowashinda wengi. Kwa stoo ya mita 2 kwa 3 nunua mitego 6, na uitege yote usiku wa kwanza. Panya mdogo haendi mbali na kiota chake, mara nyingi ni mita 3 hadi 10, kwa hiyo mtego uliowekwa mbali na njia yake unaweza usimhusu kabisa. Ipange isiachane zaidi ya mita 2, kandokando ya ukuta, maana hapendi kukatiza sakafu tupu. Mtego ukae kama herufi T na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Ukiulaza sambamba na ukuta, anaweza kuufyatua kwa nyuma na kuondoka na mkia wake.

Chambo ni siagi ya karanga, ukubwa wa njegere na si zaidi. Ikizidi, anakula ya juu bila kugusa kibao. Jibini la kwenye katuni liache huko huko kwenye katuni. Hukauka na kudondoka. Mahali penye mbegu na nafaka tele chambo cha kula hakimshtui, basi funga kipande cha pamba kwenye kibao kwa uzi. Jike anayetafuta vya kutandika kiota ataivuta, na kule kuvuta ndiko kunakofyatua.

Kama watoto, kuku au mbwa wanaingia stooni, nunua na maboksi ya kufunikia yenye tundu la panya tu.

2. Mtego wa umeme wa betri

Ni chumba kidogo chenye sahani mbili za chuma sakafuni. Panya akizikanyaga zote, anapigwa shoti. Huua haraka, huoni damu, na taa inakuonyesha kuwa kuna kitu ndani. Udhaifu wake ni unyevu na vumbi, vitu ambavyo stoo ya bustani haikosi. Sahani zikichafuka shoti inapungua, na panya anatoka akiwa amejifunza. Futa kwa kitambaa kikavu baada ya kila panya na usiuchovye majini. Kwa stoo inayovuja, usihangaike nao.

3. Kizimba cha kunasa hai

Chagua kinachonasa wengi kwa mpigo, chenye kifuniko cha kuonea ndani. Kinamfaa asiyetaka kuua, ilimradi awe tayari kukikagua asubuhi na jioni bila kukosa. Panya mdogo aliyefungiwa bila chakula wala pamba ya kujifunika anaweza kufa kwa baridi usiku mmoja. Na ukimwachia karibu na stoo, atarudi.

4. Sumu

Iko chini kwa sababu nzito. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na kifo huja baada ya siku kadhaa, aghalabu ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ambako harufu itakufikia lakini mkono hautafika. Paka au bundi akila panya huyo naye anadhurika. Ukilazimika, nunua vitonge vigumu pamoja na boksi la kufunga kwa ufunguo, uliloligongomea chini. Panya mdogo hudonoa kidogo hapa na kidogo pale, hivyo boksi moja halitoshi. Sumu ya unga au ya maji isiyo na lebo usiiguse: mtoto au mbwa akiila, daktari hatajua anatibu nini.

5. Gundi

Vumbi la stoo huiua nata yake mapema, na hunasa mijusi na ndege pia. Panya hufa polepole, kwa saa nyingi. Uingereza imezuia watu wa kawaida kuitumia katika eneo la England tangu Julai 2024.

6. Vifaa vya sauti

Usinunue. Sauti vinayotoa kumfukuza panya haipenyi boksi wala gunia, na panya huizoea.

Vya kununua siku hiyohiyo

Wavu wa chuma wenye matundu yaliyo chini ya milimita 6, waya wa kusugulia sufuria usioshika kutu, na saruji kidogo. Foamu ya kujazia nyufa peke yake hutafunwa. Shindilia waya kwanza, foamu au saruji ifuate juu. Usisahau upenyo chini ya mlango, maana hapo ndipo wengi huingilia. Mbegu zihamie kwenye ndoo za bati zenye vifuniko.

Ongeza glavu, barakoa na klorini ya kufulia. Kinyesi kikavu usikifagie, kwani vumbi lake hubeba magonjwa. Fungua mlango kwa nusu saa, changanya klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, lowesha, subiri dakika 5, kisha futa kwa karatasi.

Usiku saba zikipita bila mtego kufyatuka, nyunyiza unga kidogo kandokando ya ukuta. Pasipo nyayo asubuhi, ondoa mitego minne na uache miwili, ukibadilisha chambo kila wiki.