Unga wa kung'arisha saida: nimeujaribu kwa mitungi miwili

Mtungi wangu wa kwanza wa saida, kileo cha matufaha, ulitoka kama maji ya kuoshea mchele. Miezi miwili nimeuweka kivulini hapa Mikindani, Mombasa, hamira imemaliza kazi, mashapo yametulia chini, lakini juu bado ukungu mtupu. Mgema anayeniletea mnazi kutoka Rabai aliutazama akacheka. "Mzee, mnazi nao ni mweupe, na wanywaji hawajalalamika." Kweli. Lakini mnazi hunywewa siku ile ile. Saida mimi naitia chupani niiweke, na nikiinua glasi nataka kuona vidole vyangu upande wa pili.

Saida nilijifunza nikiwa mpishi wa meli. Matufaha yenyewe ni haya ya Afrika Kusini, si matofaa yetu ya uani. Soko la Kongowea ukienda alfajiri unapata yaliyobondeka kwa bei nafuu, na kwa kukamua hayana neno mradi hayajaoza.

Basi nikanunua kipakiti cha kimeng'enya cha pektini, gramu 25, shilingi 900, katika duka moja mjini linalouza vifaa vya keki. Ni unga wa rangi ya malai, hauna harufu ya maana. Pektini ndiyo inayofanya jemu igande, na tufaha limejaa pektini. Unga huu huikatakata, kisha uchafu hushikana na kuzama.

Mtungi ule wa kwanza niliuharibu mwenyewe: juisi niliichemsha kwa kuogopa vijidudu. Kumbe moto huzidi kuitoa pektini kwenye nyama ya tunda. Nikatia unga saida ikiwa imeshachacha, tena mara mbili ya kipimo, kwa kuwa kileo hukidhoofisha kimeng'enya. Wiki tatu. Ulipungua ukungu, haukuisha.

Wa pili nikafuata utaratibu. Juisi mbichi lita 20, unga vijiko viwili vya chai, nikafunika nikalala. Hapo joto letu likanifaa, maana kimeng'enya hupenda uvuguvugu (ila usikitie kwenye juisi ya moto, kitakufa). Asubuhi juisi ilikuwa imejigawa: juu rangi ya chai ya rangi iliyopauka, chini tope la kahawia kama vidole vitatu. Nikavuta ile ya juu kwa mpira, ndipo nikatia hamira. Hamira nayo joto hilo hilo huikimbiza mbio ikaleta ladha kali ya kukwaruza koo, kwa hivyo mtungi nauketisha kwenye karai la maji na kuuvisha kanga iliyoloa. Kanga ya mke wangu, ndiyo, na nimeshasikia yote yanayohusu jambo hilo.

Baada ya wiki sita nikaweka Taifa Leo nyuma ya chupa. Nikasoma hadi matangazo ya vifo.

Unga wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na duka: tarehe ya mwisho imefutika, kijiko cha kupimia hakuna, na nilipouliza natia lini, kijana akanijibu, "Wewe weka tu, mzee." Weka tu ndiyo iliyonipotezea wiki tatu. Laiti angesema neno moja, "kabla ya hamira," ningemshukuru hadi leo.

Kabla hujatoa hizo 900, hakikisha kwanza ukungu wako ni wa pektini. Chukua kijiko kimoja cha saida, changanya na vijiko vinne vya spiriti ya duka la dawa, utikise, usubiri kidogo. Ukiona nyuzinyuzi au madonge kama ya ute wa yai, ni pektini, nunua. Mchanganyiko huo umwage, ni sumu, usithubutu kuuonja. Usipoona kitu, huenda ni hamira tu inayoelea, na hiyo dawa yake ni friji siku tatu nne na jelatini kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto yasiyochemka. Mtungi wa lita 20 hauingii frijini kwangu, kwa hivyo nagawa kwenye chupa za lita tano na samaki wa mke wangu wanahamia kwa jirani.

Pakiti imebaki nusu. Nimeifunga kwa mpira wa pesa nikaitia kwenye mlango wa friji, pembeni ya pilipili.