Ziara ya miguu Lunenburg: nendeni na wazazi

Nilimpeleka mama kutoka Halifax hadi Lunenburg, mji wa bandari huko Nova Scotia, Kanada. Kijana aliyetutembeza alitusimamisha kwenye mteremko unaotazama bandari, akatusimulia ya tarehe 1 Julai 1782, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Waingereza, waliotawala hapa: meli tano za Wamarekani, maharamia wenye kibali cha vita, wakiongozwa na Noah Stoddard. Walishukia mbali, wakaingia mjini kwa miguu, wakapora maduka, wakachoma nyumba ya Kanali John Creighton, mkuu wa wanamgambo wa mji, na kumchukua mateka hadi Boston. Wenyeji wakatia saini deni la pauni 1,000 ili mji usiteketezwe.

Mama akamshika kijana mkono: "Na wenye watoto wachanga je, mwanangu?" Nikatafsiri. Kijana alikaa naye ukutani, akamjibu taratibu, kundi zima likangoja. Kwa hilo tu nampa nyota tano. Mteremko ni mkali, magoti yajiandae.