Kichwa cha mvuke nakipenda, karakana yao sitaki hata kuisikia

Nianze na ile karatasi, maana ndiyo iliyonipandisha mori. Ilikuja ndani ya boksi pamoja na kichwa changu cha treni ndogo ya mvuke, imegongwa muhuri wa karakana: kimejaribiwa, hakina hitilafu. Chini ya muhuri, bili. Pauni 80 na ushei kwa kazi ya kukijaribu. Yaani kitu nimekinunua kwao kikiwa kipya, kwa zaidi ya pauni 1,500 nilizozichanga kwa zamu za usiku, hakijamaliza hata kiangazi kimoja, kimenifia mlimani mbele za watu, nimekipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nalipishwa ili niambiwe kizima. Duka silitaji jina. Mlioko Uingereza na mnaocheza mchezo huu huenda mkalitambua kwa yule bwana wa kaunta, nitamfikia sasa hivi.

Kwa ambao hawajawahi kuona: haya si matreni ya watoto ya kuzungusha mezani. Ni garimoshi la kweli lililopunguzwa, lina boila ya shaba, linachemsha maji, linatoa mvuke, na unaliendesha nje juu ya kokoto. Sisi tuko kikundi kidogo, wengi wa kutoka kwetu, na uwanja wetu ni bustani ya nyuma ya jamaa mmoja wa Voi ambaye mkewe aliamua yaishe. Reli inaanzia kwenye banda la baiskeli, ndiyo Dar, inapita kando ya matuta ya mchicha, inapanda kilima tulichokiita Saranda kwa heshima ya ule ukuta wa Bonde la Ufa kabla hujafika Manyoni, kisha inateremka hadi kwenye bwawa la samaki, ambalo ni Ziwa Tanganyika na hakuna mjadala. Jamaa wa Kalemie amechonga Liemba ya mbao inaelea pale, na kila tukikutana analalamika kwamba upande wake wa ziwa haujapata reli. Kuna ratiba, kuna filimbi, kuna bendera ya kijani. Anayechelewesha treni ya Kigoma anaosha vyombo.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya kiangazi, joto la kuvua shati. Tulikuwa na wageni: wake, watoto, na majirani Waingereza waliozoea kuchungulia juu ya ua mpaka tukaona tuwakaribishe tu. Nilikiandaa kwa utaratibu wake. Mafuta ya mvuke kwanza, yale mazito. Kisha maji, na maji yenyewe ya mvua, si ya bomba, kwa sababu maji ya bomba ya kusini mwa Uingereza yana chokaa ya kuua birika, sembuse boila. Gesi mwisho. Ukipeleka njiti kwenye bomba la moshi, moto unaruka kurudi ndani, fwap, halafu unatulia na kunguruma. Safari hii ulinguruma kinyonge. Geji ya mvuke ikapanda hadi nusu, ikagoma. Nikasubiri, ikajivuta kidogo tena, nikasema basi, tuunge mabehewa twende.

Dar hadi kwenye mchicha hakuna neno. Kilipoanza Saranda, mwendo ukapungua, mshale wa geji ukawa unashuka unauona kwa macho, na pale penye kona, mahali ambapo kila mtu anaona vizuri kabisa, kichwa kikasimama. Kikatoa pumzi moja. Halafu treni nzima ikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea Dar, na mtoto mmoja akapiga makofi akidhani ndivyo ratiba inavyosema.

Basi nikafunga safari. Karakana iko kaskazini, ni mwendo wa kuamka alfajiri. Bwana wa kaunta hakuitikia salamu. Aliangalia boksi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye boksi. Swali lake la kwanza halikuwa kina nini. Lilikuwa: "Umekipata wapi?"

Nikamtolea risiti. Yao wenyewe, yenye nembo yao. Akaisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na maandishi yoyote. Nikaanza kumweleza: moto mnyonge, geji haipandi, kikivuta mzigo kinakata pumzi. Akanidakia, "Wengi wanaoanza hushindwa na mvuke. Ungeanza na za umeme." Halafu, Mungu ni shahidi yangu, akaanza kunifundisha reli nyembamba ni kitu gani. Kwamba zamani, sehemu za milima na kwenye makoloni, walijenga njia za upana mdogo ili kupunguza gharama, na kwamba mtu akilielewa hilo ndipo atafurahia mchezo.

Jamani. Mimi ni mtoto wa Tabora! Nimeuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni ya Kigoma kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upana mita moja, na ndiyo niliyoilalia masikio utotoni kusikiliza kama treni inakuja. Na ni Mjerumani huyohuyo, kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, aliyeleta treni ndogo za bustani za LGB mwaka 1968: milimita 45 kati ya reli na reli, kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha mwenyewe uone unapata nini. Mita moja na sentimita moja na kitu. Njia tunayoitandika bustanini ni njia ya kwetu ileile. Ndiyo maana nikaupenda mchezo huu na si mwingine, ndiyo maana pesa za zamu za usiku zikaenda huko, na huyu bwana ananisimulia makoloni.

Sikumjibu vibaya, kwa sababu boksi lilikuwa tayari mikononi mwake.

"Au ni baridi," akamalizia. Sawa, gesi ya buteni haipendi baridi, hilo kila mtu analijua. Ikikaribia nyuzi sifuri haitaki kutoka kwenye tangi, na wanaoendesha Januari hulikalisha tangi kwenye maji ya uvuguvugu. Lakini ilikuwa kiangazi. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kaptula.

Wakakaa nacho. Nikipiga simu naambiwa kiko kwenye foleni. Nikipiga tena, fundi yuko likizo. Kiangazi kikakatika, na wenzangu wakawa wananipa kazi ya gadi, kupeperusha bendera kwa treni za watu wengine. Mwishowe likaja boksi, na ndani yake ile karatasi ya hakina hitilafu. Nilipouliza walikijaribuje, sauti ikanijibu kwa fahari kwamba kiliwekwa juu ya rola na kikazunguka vizuri sana. Juu ya rola! Yaani magurudumu yanazunguka palepale hewani, hakuna behewa, hakuna mlima. Baiskeli iliyopigwa stendi hata mtoto ataipandisha Kitonga.

Aliyetuokoa ni mzee tunayemwita Fundi. Kalasinga wa Nairobi, mwenyewe hujiita hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa karakana ya reli enzi za East African Railways, naye akaja Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 60 na Kiswahili chake kibichi mpaka leo. Ukimpa nafasi atakuhesabia vichwa vya daraja la 59, yale majitu ya Garratt yaliyotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 50, kila kimoja na jina la mlima, na atakwambia Mount Gelai bado kipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi ukitaka kukishika kwa mkono. (Mlima wenyewe uko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Huwa namkumbusha.)

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Lete hapa hiyo kitu."

Hakuuliza nimekipata wapi. Aliwasha, akainamisha kichwa akasikiliza, wala hakuitazama geji. Akazima. Kilipopoa akafungua jeti ya gesi, kipande cha shaba chenye tundu dogo la kupitishia gesi, ambacho kikidondoka kwenye nyasi umekiaga, akakielekeza juani na kuniwekea jichoni. "Unaona mwangaza?" Niliuona kwa shida, umekatwa upande. Kachembe ka uchafu. Hicho tu. Jamaa wa Voi alishaleta pini, maana waliokulia na jiko la pampu ndiyo dawa wanayoijua, lakini Fundi akamsukuma mkono: pini inapanua tundu, na tundu likipanuka moto hautatengemaa tena. Akachukua mkebe wa gesi, akaiweka jeti kinyumenyume mdomoni mwa mkebe, psss, basi. Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza.

Na hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuyumba, kwa sababu kichwa chenyewe, wandugu, ni kitamu. Siku ileile kilipanda Saranda na mabehewa yote, na kilipofika juu kilikuwa na nguvu za kubaki, valvu ya usalama ikapuliza kwenye shinikizo la pauni 40 na mbwa wa jirani akakimbilia ndani. Treni ya umeme unaiwasha unakaa kitini. Hii unatembea nayo, mkono karibu na rejeta ya kufungulia mvuke, unaisikia inavyohema, unajua kabla ya kona kwamba inataka mvuke zaidi. Tena haijali reli chafu. Jamaa wa Voi, mtu wa umeme, kila tunapokutana anaanza kwa kupiga magoti na sifongo kusugua shaba iliyofifia ya reli, maana umeme wake unapita humo, la sivyo treni yake inashtukashtuka; mimi napita juu ya majani makavu na kinyesi cha ndege. Kitu pekee tunachogombania ni kwamba magurudumu ya kichwa changu ni chuma kitupu, hayakutengwa, nikiingia njiani akiwa hajakata umeme tunapiga shoti. Kwa hiyo zamu yangu ikifika yeye anapumzika. Anasema nafanya makusudi.

Nyota tano kwa kichwa. Kwa duka, sifuri.

Ingawa sifuri nayo si haki. Niliwapigia tena kuagiza jeti za akiba na safari hii akapokea binti wa vipuri. Nikamsimulia kila kitu, nadhani kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili mtu asiye na kosa. Akanyamaza, akasema samahani, na haikuwa ile samahani ya kusoma kwenye karatasi. Baada ya siku chache ikaja bahasha, jeti mbili, bila malipo, na kikaratasi kwa mwandiko wake: ukiona moto umekuwa mnyonge, anzia hapa.

Nilifurahi kwa muda wa kufika jikoni. Halafu nikakisoma tena. Anzia hapa! Kumbe nyumba hiyohiyo wanajua! Binti wa vipuri anajua, na anaijua kiasi cha kuiandika kwenye kikaratasi bila kuulizwa, na hatua chache kutoka kwenye kiti chake kuna bwana anayepokea boksi, anamwambia mwenye boksi ajaribu umeme, na fundi anayekizungusha juu ya rola na kutoza pauni 80. Kabla ya bahasha ile nilidhani hawajui kazi. Wangekuwa hawajui ningewasamehe.

Kwa hiyo niliandika barua. Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza, ya mwaka 2015, haina maneno mengi hapa: hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo, inahesabiwa ilikuwepo tangu ulipokabidhiwa, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Matengenezo pia ni kwa gharama yake. Nikaambatisha nakala ya risiti, mbele na nyuma, ili yule bwana asipate taabu. Nikaomba pesa yangu ya kujaribiwa.

Wamerudisha nusu. Kwa hisani, ndivyo walivyoandika. Hisani! Nusu ya pesa yangu, wananipa mimi, kwa hisani yao. Barua ya pili imeshaondoka na haina adabu kama ya kwanza.

Sasa ukiniuliza ununue kwao au usinunue, sina jibu moja. Kichwa kilichotoka mikononi mwao kinafanya kazi niliyoiota tangu nikiwa na ndoo ya mayai stesheni. Ukinunua, simu yako iulize vipuri, usikubali kuunganishwa na kaunta, na agiza jeti mbili za akiba kabla hujaanza. Kama una mzee wa aina ya Fundi karibu nawe, hata karakana yao huihitaji. Kama huna, tafuta kwanza watu wa kucheza nao ndipo utafute kichwa.

Tatizo ni kwamba wametangaza kichwa kingine, kirefu, chenye tenda (kibehewa cha nyuma cha maji na makaa), na kwa picha nilizoziona kitaifanya Saranda kuwa tambarare. Mimi nimeapa mguu wangu haukanyagi tena pale. Jamaa wa Voi ana safari ya kaskazini mwezi ujao kwa shughuli zake. Nimemwomba apite aulizie bei, ila asiseme katumwa na nani.