E-Class ya mwaka gani? Vuta mkanda wa kiti kwanza

Wiki iliyopita yaya mmoja, yaani dada mkubwa, wa Likasi aliniandikia. Ana dola zake, anataka Mercedes E-Class ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, ameonyeshwa mbili: moja ya 2005, nyingine ya 2008, na kati yao kuna tofauti ya dola elfu mbili. Achukue ipi? Nilimjibu kwa neno moja, "2008", kisha nikaona nimemdhulumu, maana swali hilohilo niliwahi kulijibu vibaya kwa pesa yangu mwenyewe.

Rangi sitaizungumzia, wala ngozi ya viti, wala kilomita. Kilomita za gari la okazioni hapa Lubumbashi ni ngano, unasikiliza ukiwa na chai. Mimi nazungumzia mwaka, na si ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Yangu niliinunua kwa komisioneri mmoja, dalali wa magari, upande wa barabara ya Kasenga. Usukani kushoto, imetoka Ulaya, imeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Akasema ni ya 2007. Grili imechongoka, vioo vya pembeni vina zile taa zenye umbo la mshale, sura ya 2007 kabisa. Nami nilijiona mjanja: nikatoa simu, nikaingiza namba ya chasi kwenye programu ya bure. Ikajibu 2001. Nikamsogezea simu puani. Alicheka kwa raha zote.

"Mama, mu 2001 hii motoka ilikuwa bado haiko! Telefone yako iko nabongopa."

Na alisema kweli. Aina hiyo, ambayo mafundi wanaiita W211, ilianza 2002. Nikaona aibu, nikaiweka simu kwenye mkoba, nikaamini makaratasi yake yaliyosema 2007. Nikalipa.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kwenye magari ya soko la Marekani, tarakimu au herufi ya kumi ya namba ya chasi huonyesha mwaka. Kwenye E-Class za Ulaya, zile zinazoanza na WDB211, nafasi hiyo ya kumi inaonyesha upande wa usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Programu iliona 1 ikasoma 2001. Ukiipa yenye usukani wa kulia itakuambia 2002. Basi programu ilidanganya, na muuzaji naye alidanganya, ila uongo wa kwanza ulimsaidia wa pili kupita bila kuguswa.

Nilikaa nayo siku nne bila wasiwasi. Asubuhi ya tano, kuku wa jirani hata hawajatoka, nikafungua mlango wa dereva nikasikia kitu kinavuma chini ya kapo, kifuniko cha injini: zzzii, kama blenda ndogo, sekunde chache, kisha kimya. Ufunguo bado nilikuwa nao mkononi. Nikafunga mlango, nikangoja, nikaufungua tena. Nikaenda nayo Kamalondo kwa baba mmoja fundi ambaye hafanyi gari lingine ila za Wajerumani. Nilimwigizia ule mlio. Hakufungua hata kapo. Aliingia, akauvuta mkanda wa kiti mpaka ukaisha, akakigeuza kile kipande cha kitambaa kilichoshonwa chini kabisa, karibu na sakafu, akanionyesha tarehe. 2005. Akauvuta wa pili: 2005. Wa nyuma: 2005. "Walivalisha huyu mama uso wa mutoto," akasema, akimaanisha gari, natumaini. Bampa, grili, taa za mbele, vioo, vyote vilitoka kwenye gari jingine.

Sasa kwa nini 2005 na 2007 si kitu kimoja? Kwa sababu ya breki. Ukisoma matangazo yote ya E-Class mjini hapa hutaona mtu anazitaja.

W211 za mwanzo zina breki za SBC, breki zinazoendeshwa kwa umeme. Kwenye gari la kawaida, ukikanyaga pedali, mguu wako ndio unaosukuma mafuta ya breki mpaka kwenye gurudumu. Kwenye SBC pedali inatuma habari tu. Kompyuta inasoma, pampu ya umeme inasukuma. Ule mlio wa asubuhi ni pampu hiyo inajiandaa kwa sababu mlango umefunguliwa. Ni ufundi mzuri, sikatai, gari lilisimama kama limeshikwa mkono. Lakini pampu ile ina hesabu yake ndani. Inahesabu kila mara ulipokanyaga, na ikikaribia laki tatu, taa inawaka na kioo kinakuambia uende garaji. Piga hesabu ya polepole kabisa: kukanyaga mara mia kwa siku ni siku 3,000, yaani miaka minane na miezi kidogo. Gari la 2004 lilikwisha kupita hapo zamani, isipokuwa kama pampu ilibadilishwa, na nani ana risiti ya kukuonyesha?

Ikigoma, hubaki mtupu. Kuna njia ya akiba ya mafuta kwa magurudumu ya mbele tu, pedali inakuwa ngumu na inashuka mbali. Fikiria hilo kwenye barabara ya Kasumbalesa, lori la shaba mbele yako, jingine mgongoni.

Kitu kingine: mtu anayekubadilishia plakete, zile pedi za breki. Mfumo huu ukisikia mlango unaweza kuamka wenyewe, na pistoni zinasukuma kwa nguvu inayoweza kuponda kidole. Lazima kwanza ulazwe kwa valizi, ile kompyuta ya uchunguzi. Kijana wa kando ya barabara mwenye spana na moyo mwema hajui hilo, na si kosa lake.

Mercedes wenyewe waliona. Mei 2004 waliyaita magari yapatayo 680,000 kwa ajili ya breki hizi. Machi 2005 wakaita tena magari milioni 1.3, safari hiyo kukiwa na mambo ya umeme pia. Mwaka 2006, walipoipa E-Class sura mpya, SBC wakaiondoa, wakarudi kwenye breki za kawaida. Kwa hiyo mstari uko hapo, katikati ya 2006. Mtu akikuambia "2006" tu, hajakuambia kitu.

Niseme haki: breki zangu hazikunikosea hata siku moja. Aliyenikosea ana miguu miwili na namba ya simu isiyopatikana tena. Niliiuza kwa hasara ya dola 900, na aliyenunua nilimwambia yote mpaka mlio wa asubuhi.

Haya, nani awe wa kwanza. Nina upendeleo, najua, E-Class ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Wa kwanza ni W211 ya nusu ya pili ya 2006 mpaka 2009. Hapo unapata breki unazozielewa pamoja na lile bodi ambalo mpaka leo likipita mtaa wa Golf watu wanageuka. Injini chukua E220 CDI, ya mazutu (dizeli), silinda nne. Madereva wa teksi Ujerumani walizichosha kabla hazijawachosha wao. Ile V6 ya mazutu, 280 na 320 CDI, ina nguvu tamu, ila sili za mpira za kipoza oili ziko katikati ya V, chini kabisa. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo, kuufikia ni kuvua nusu ya injini. V6 za petroli, E280 na E350, za mwanzo zina gia ya shafti ya mizani iliyotengenezwa kwa chuma laini. Ikilika, inabidi injini itolewe nje. Ukitaka petroli ya V6, nenda 2008, usibishane.

Na ukimbie zenye mito ya hewa badala ya springi. Njoo asubuhi, liangalie limeegeshwa: kama kona moja imelala, mto unavuja. Mvua za Januari zikishafungua mashimo ya Kampemba, springi za chuma ndizo rafiki.

Wa pili ni W212, iliyofuata, 2009 mpaka 2016. Ningeiweka ya kwanza kama ningekuwa na pesa ya kuiweka ya kwanza. Hapa pia miaka haifanani. Dizeli za 2009 mpaka 2011 hivi zilipewa injekta za piezo zilizosumbua, kiwanda kikazibadilisha kwa aina nyingine. Petroli ya 1.8 ina mnyororo wa taimingi unaorefuka. Utausikia injini ikiwa baridi tu, inakohoa kama mzee anayeamka, krrr, halafu inatulia. Ndiyo maana muuzaji anaiwasha kabla hujafika. Gusa kapo kwanza: likiwa na joto, rudi kesho. Mimi ningetafuta kuanzia 2012. Za 2013 na kuendelea, ambazo taa mbili za kila upande ziliunganishwa kuwa moja, ni nzuri mno na bei yake wanaijua wao na Mungu.

Wa tatu, kwa shingo upande, Toyota Crown ya 2008 mpaka 2012. Shemeji yangu anayo. Haijui garaji, na hilo linaniudhi kila Jumapili. Lakini usukani uko kulia na sisi tunaendesha upande wa kulia. Kuelekea Kolwezi huwezi kupita lori mpaka aliyekaa kushoto akuambie "pita", na huyo mara nyingi ni mama mkwe. Kioo cha katikati kitaongea nawe Kijapani hadi kufa.

BMW 5, ile ya E60: chukua iliyofuata mabadiliko ya 2007, na weka kando pesa ya pampu ya maji ya umeme kwenye zile silinda sita. Mark X ya Toyota itakufikisha uendako. E-Class za zamani zaidi, W210, kutu inazila kuanzia kwenye milango, nawe umeona mvua zetu.

Wa mwisho ni W211 ya 2002 mpaka katikati ya 2006. Yaya wa Likasi, zile dola elfu mbili za tofauti si akiba. Ni pampu, pamoja na kumtafuta mwenye valizi, pamoja na kulala macho wazi.

Kupima ni dakika tano. Nenda asubuhi, gari limelala. Fungua mlango na unyamaze. Ukisikia pampu, ni SBC, hata bampa liseme nini. Kisha vuta mikanda yote mitano hadi mwisho usome vitambaa. Miaka ikilingana, huo ndio umri wa gari, pengine miezi kidogo nyuma. Mmoja ukiwa wa baadaye kuliko mingine, uliza gari liligonga nini, maana mkanda habadilishi mtu kwa urembo. Muuzaji akikuambia mkanda usivutwe utaharibika, mshukuru, umeshajibiwa.

Lakini jamani, hawa wauzaji! Siku niliponunua, yule bwana alizichukua noti zangu moja moja. Akaziinua juani. Akazipapasa kola ya yule mzungu wa kwenye noti ya mia kwa ukucha. Noti moja ilikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele pembeni. Akanirudishia, "hii haipiti, Mama". Nikaenda kuibadilisha kwa cambiste, mbadilisha pesa, nikakatwa. Yeye akapima karatasi zangu kwa jua na kwa kucha, halafu za kwake nizipokee kwa imani! Na bei nayo: ukija na mume wako ni nyingine, ukija peke yako na mkoba ni nyingine, ukitamka neno "Ulaya" kabla yake umeongeza dola mia tano mwenyewe. Hapo bado kijana aliyefungua geti anataka ya soda, na aliyesukuma gari jingine ili hili litoke naye pia. Siku hizi naenda na noti mpya tupu na kofia ya jua, naongea kidogo, navuta mikanda.

Kesho kuna W212 Bel-Air, "ya 2012", ndivyo wanavyosema. Nimewaambia nitafika saa nne. Nitakuwa getini saa kumi na mbili, kabla hawajaiwasha.