Kipimo cha vinasaba kwa wajawazito hapa Dodoma: nyota tatu

Nina miaka 39, mimba ya tatu. Shemeji ndiye aliyenielekeza kituo kimoja hapa mjini kinachochukua damu ya mjamzito na kuituma nje ya nchi kuangalia kromosomu za mtoto. Milioni moja na laki mbili. Nikapanda bajaji kutoka Ilazo, wiki ya kumi na mbili, nikalipa.

Kuchukua damu hawana mpinzani. Dada ana mkono mwepesi, dakika kumi umemaliza. Hata anayeogopa sindano aende tu.

Kasheshe ni majibu. Wiki mbili walizoahidi zikawa tatu na nusu, kisha ujumbe wa WhatsApp: "Mama, damu haikusoma, njoo tuchukue nyingine, hulipii." Nikaomba karatasi yenyewe. Siku nne wananizungusha. Ilipokuja, neno "haikusoma" halimo. Imeandikwa kromosomu kadhaa haziko sawa, nyingine zimezidi, nyingine zimepungua, nimwone daktari.

Daktari wangu wa kliniki aliisoma mara mbili, akaniuliza kama natokwa jasho usiku. Dodoma hii, Novemba, nani hatokwi? Akanieleza kuwa kwenye chupa ile DNA ya upande wa mtoto, ambayo hasa hutoka kwenye kondo la nyuma, huwa kama sehemu moja tu ya kumi. Iliyobaki ni yangu. Na uvimbe wa saratani nao humwaga DNA yake kwenye damu, imevurugika hivyo hivyo. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2024: wanawake 107 wenye majibu ya ajabu kama yangu walipigwa MRI ya mwili mzima na vipimo vingine, 52 wakakutwa na saratani. Wengine walikuwa hawaumwi popote.

Nami nilikuwa siumwi. MRI ikaonyesha tezi za kifuani zimevimba, kinyama walichokata kupima kikasema limfoma, yaani saratani ya tezi. Mtoto kwenye ultrasound hana neno. Sasa niko mzunguko wa tatu wa dawa, na yeye anapiga mateke kila adhana ya alfajiri.

Kipimo chenyewe ningekilipia tena, hata kwa kukopa kikoba. Nyota mbili nimewakata kwa ule ujumbe. Mkienda, daini karatasi, msikubali kusimuliwa.

Juzi wamenitumia tena: ile nafasi ya kurudia bure bado ipo, ila mwisho Ijumaa.