Sahani za Kichina za maua na ndege: pitisha ukucha kabla hujatoa hela

Ndege wangu amebaki mkia. Nilinunua Kariakoo seti ya sahani sita na kombe lake: ndege wawili weusi wenye mkia mrefu, wametua kwenye tawi la maua ya plamu, ukingo wa dhahabu. Kachumbari ya ndimu mara kadhaa, binti akasugua kwa waya, kichwa kikaenda na maji ya vyombo.

Ukubwa na uzito utajionea mwenyewe. Mimi nataka uulize jambo moja: rangi iko chini ya kioo au juu yake? Kauri hufunikwa na utando wa kioo. Ua lililochorwa kabla ya utando huchomwa pamoja nao kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi, na ndimu hailifikii tena. Lililochorwa juu huchomwa upya kwa nyuzi 700 au 800 tu, likabaki hapo likisubiri dodoki lako. Ilaze sahani ielekee mwanga, pitisha ukucha kwenye ukingo wa petali. Ukikwama, au ua lisipong'aa kama weupe wa pembeni yake, rudisha.

Namba moja ni za mji wa Liling, mkoa wa Hunan, China, na upendeleo wangu siufichi: nikikuta chapa ya huko, Hongguanyao, chini ya kikombe, mkono unaenda kwenye pochi wenyewe. Wao huweka rangi nyingi chini ya kioo, hata unyoya wa kifuani wa ndege unauona, na ukucha unateleza tu. Viwanda vya Liling vilimtengenezea hata Mao Zedong vyombo. Bei inauma. Nanunua kimoja kimoja.

Namba mbili, buluu na nyeupe ya Jingdezhen, mji mwingine wa kauri huko China. Buluu ile ni kobalti, nayo iko chini ya kioo. Nenda kwenye magofu ya pwani, uone vigae vya Kichina vilivyolala karne nyingi kwenye udongo na chumvi: buluu bado ni buluu.

Namba tatu ni fencai, zile za rangi ya waridi. Kwa uzuri zinazipita zote; waridi lenyewe hutokana na dhahabu. Lakini rangi iko juu, kwa hiyo ni za kabatini. Za zamani usizilie kabisa, maana rangi zake zilitiwa madini ya risasi, na achari huyatoa.

Za stika na za melamini wape watoto.

Kama ni zawadi ya harusi, tafuta bata wawili. Kwa Wachina ndio mke na mume. Ila neno harusi usilitamke dukani, bei itapanda hapo hapo. Na hawa wanaokataa boksi lisifunguliwe, eti utavunja! Nyumbani unakuta visahani vitano, na kimoja hakina ndege kabisa.

Wiki iliyopita muuzaji mmoja ameniapia kwamba buli lake ni la kale, la enzi za Qianlong, mfalme aliyetawala 1735 hadi 1796. Muhuri upo kweli. Pembeni yake kuna kialama kwamba linafaa kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Nikamwonyesha. Akapunguza elfu tano.