Kumwogesha mbwa: mwarobaini au alovera?

Dodoma mwarobaini uko karibu kila mtaa, kwa hiyo wengi huanza nao. Chemsha majani, acha maji yapoe, chuja, kisha changanya na sabuni ya maji kidogo isiyo na manukato. Harufu ni kali, lakini husaidia kufukuza viroboto. Kupe walioshang'ang'ania ngozi hawaondoki kwa hilo. Hao ng'oa kwa kibano au umwone daktari wa mifugo.

Alovera inafaa ngozi iliyokaushwa na vumbi na upepo wa kiangazi. Tumia ute angavu tu. Utomvu wa njano chini ya ganda uoshe wote, maana mbwa hujilamba na utamharisha.

Kwa mbwa anayelala nje na mbuzi, ningechagua mwarobaini. Sabuni ya kufulia, tafadhali, msiwapake mbwa: inakausha ngozi yao.